Vifuko Viwili vya Luther: Jinsi Nyumba Ilivyokuwa Shule ya Kwanza ya Imani

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, kinawaagiza wana wa Israeli waweke neno la Mungu mioyoni mwao, kisha wawafundishe watoto wao kwa bidii. Sura hiyo tunaifahamu, na tunaihubiri kila mwaka inapofika Sikukuu ya Watoto. Lakini tukiisoma polepole tutaona jambo moja. Haitaji hekalu, haimtaji kuhani, wala haitaji darasa. Inataja nyakati nne tu za siku ya kawaida: mtu akiwa ameketi nyumbani, akiwa njiani, akienda kulala na akiamka asubuhi.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 12, kinaonyesha jambo hilohilo. Siku ya Pasaka mtoto atauliza maana ya yale anayoyaona mezani, naye mzazi ndiye atakayemjibu. Na Paulo alipotaka kumtia moyo Timotheo, katika waraka wa pili, sura ya 1, alimkumbusha imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Timotheo alikuwa askofu kijana mwenye kazi ngumu, lakini shina la imani yake lilikuwa katika nyumba ya wanawake wawili.

Katika insha hii nataka tufuate historia ya agizo hilo katika Kanisa la Kilutheri na kwa majirani zake. Babu zetu wa imani walifanya nini ili mtoto mdogo afundishwe nyumbani, katika nyumba za wakulima na mafundi wasio na vitabu wala muda? Walifaulu wapi, na walikosea wapi? Swali hilo si la wanahistoria peke yao. Leo mtoto wa miaka 4 anaamshwa saa 11 alfajiri ili awahi basi la shule, anarudi jioni akiwa amechoka, na baba na mama wanarudi baada yake. Wengine wanapelekwa shule ya bweni kabla meno ya utoto hayajaanza kung'oka. Mzazi amelipa ada, amenunua sare, na Jumapili amemfikisha mtoto kwenye Shule ya Jumapili. Anaona amemaliza wajibu wake. Historia inatusaidia kuuliza kama kweli ameumaliza.

Mchezo wa vifuko

Mwanzoni mwa mwaka 1526 Martin Luther alichapisha mwongozo wa ibada kwa lugha ya Kijerumani, ili watu wa kawaida waweze kuabudu kwa lugha wanayoielewa. Mtu angetegemea kitabu hicho kizungumzie altare, nyimbo na mavazi ya mchungaji. Kinazungumzia hayo, lakini kabla ya hapo Luther anasimama kwanza na kueleza mchezo wa watoto.

Anasema anaona kila siku watu waliosikiliza mahubiri kwa miaka mitatu au minne, nao hawawezi kujibu swali hata juu ya fungu moja la imani. Basi anashauri hivi. Mtoto apewe vifuko viwili, si vya ngozi bali vya moyoni. Kimoja ni kifuko cha imani, cha pili ni kifuko cha upendo. Kila kifuko kina sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza ya kifuko cha imani mtoto anaweka maneno ya Biblia yanayosema kwamba sisi sote ni wenye dhambi. Katika sehemu ya pili anaweka maneno yanayosema kwamba Kristo ametukomboa, kama vile Yohana 1:29. Kifuko cha upendo nacho kina sehemu ya maneno yanayotuagiza kumtumikia kila mtu, kama vile Mathayo 25:40, na sehemu ya maneno yanayotufundisha kuvumilia mabaya tunayotendewa. Luther anayaita maneno hayo sarafu. Ya imani ni sarafu za dhahabu, na ya upendo ni sarafu za fedha.

Mchezo unachezwaje? Mtoto anapotoka kanisani analeta nyumbani neno moja au mawili aliyoyasikia. Wakati wa chakula baba au mama anamuuliza, naye analisema mbele ya wote na kueleza analiweka katika kifuko gani. Ni kama vile mtu anavyotoka sokoni na fedha, akazihesabu mezani na kuziweka mahali pake.

Luther alijua kwamba wasomi watacheka. Akawajibu mapema: asiwepo mtu anayejiona mwenye hekima mno kiasi cha kudharau mchezo huu wa kitoto. Kristo alipotaka kuwapata wanadamu alifanyika mwanadamu. Nasi tukitaka kuwapata watoto, hatuna budi kuwa watoto pamoja nao. Inafaa kukumbuka kwamba alipoandika hayo alikuwa ameoa miezi michache tu iliyopita, na mtoto wake wa kwanza, Hans, alikuwa bado hajazaliwa. Alizaliwa mwezi Juni mwaka uleule.

Karatasi ukutani

Miaka miwili baadaye, mwaka 1528, Luther alishiriki katika ukaguzi wa sharika za Saksonia. Alirudi na huzuni. Vijijini alikuta Wakristo waliobatizwa na kushiriki Meza ya Bwana, lakini hawakujua Sala ya Bwana, Imani ya Mitume wala Amri Kumi. Alikuta hata wachungaji wasioweza kufundisha. Jibu lake lilikuwa Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529.

Sisi tunaifahamu Katekisimo kama kitabu cha darasa la kipaimara. Haikuanza hivyo. Mwanzoni mwa mwaka 1529 sehemu zake za kwanza zilitoka kama karatasi kubwa za kubandikwa ukutani, ndipo baadaye mwaka huo zikakusanywa kuwa kitabu kidogo. Na juu ya kila sehemu Luther aliandika ni nani anayepaswa kuifundisha: mkuu wa nyumba, kwa watu wa nyumbani mwake, kwa njia nyepesi. Mchungaji alikuwa na kazi yake kanisani, lakini mwalimu wa kwanza aliyetajwa ni mzazi.

Tazama pia jinsi Katekisimo inavyoufuata mwendo wa siku. Asubuhi, ukiamka, jiandikie ishara ya msalaba, sema Imani na Sala ya Bwana, uombe sala fupi, kisha uende kazini kwa furaha huku ukiimba. Wakati wa chakula watoto na watumishi waje mezani na mikono iliyokunjwa, washukuru kabla ya kula na baada ya kula. Jioni ifanyike vivyo hivyo, kisha mtu alale mara moja bila wasiwasi. Hakuna hapo saa ya ziada inayoitwa saa ya masomo. Luther alichukua mambo ambayo kila nyumba inayafanya kila siku, yaani kuamka, kula na kulala, akayafanya kuwa darasa. Ndiyo maana mzazi aliyechoka aliweza kulifuata.

Jambo lingine tusilipite haraka ni wale watumishi. Luther hakuandika juu ya watoto peke yao, aliandika juu ya watoto na watumishi wa nyumbani. Katika nyumba nyingi za mjini leo mtu anayekaa na mtoto saa nyingi kuliko wote ni dada wa kazi. Yeye ndiye anayemvika, anayemlisha na anayemlaza. Nyimbo anazoziimba dada ndizo mtoto atakazozijua. Kama dada hakai pamoja na familia wakati wa sala, basi tumemwacha mwalimu mkuu wa mtoto wetu nje ya mlango. Tutarudi kwa jambo hilo.

Barua ya bustani

Luther mwenyewe alilelewa kwa ukali. Akiwa mtu mzima alisimulia kwamba mama yake alimchapa mpaka damu ikatoka kwa sababu ya njugu moja, na kwamba shuleni alichapwa mara kumi na tano asubuhi moja kwa somo ambalo hakuwa amefundishwa. Hakuwa na kinyongo na wazazi wake, alijua walimtakia mema. Lakini aliamua kwamba woga si mlango mzuri wa kumwingiza mtoto katika elimu.

Mwezi Juni 1530 alikuwa mbali na nyumbani, katika ngome ya Coburg, wakati wenzake wakiikiri imani yetu mbele ya Kaisari kule Augsburg. Kazi ilikuwa nyingi na hatari ilikuwa kubwa. Hata hivyo alikaa akamwandikia barua Hans, aliyekuwa ametimiza miaka 4. Hakumwandikia juu ya Kaisari. Alimweleza kwamba anaijua bustani nzuri ambamo watoto wamevaa makoti ya dhahabu, wanaokota matufaa, peasi na cheri chini ya miti, wanaimba, wanarukaruka na wana farasi wadogo wenye hatamu za dhahabu. Alimuuliza mwenye bustani kama Hans naye anaweza kuingia. Akajibiwa kwamba akipenda kusali na kujifunza ataingia, pamoja na rafiki zake wawili, mtoto wa Melanchthon na mtoto wa Jonas, na shangazi Lena pia.

Mtu anaweza kuuliza ikiwa barua hiyo ni theolojia. Nadhani ndiyo. Luther alizungumza juu ya sala na uzima wa milele kwa maneno ambayo mtoto wa miaka 4 anaweza kuyashika: matunda, farasi, rafiki zake anaowajua kwa majina. Hakumpunguzia mtoto ukweli, ila alimletea ukweli mpaka kimo chake.

Nyumba hiyo ya Wittenberg haikuwa na utulivu tunaouwazia. Katharina, mke wake, alitunza bustani, mifugo, samaki na pombe ya nyumbani, huku akilisha wanafunzi na wageni wengi. Watoto wao sita walizaliwa katikati ya shughuli hizo, na wawili kati yao walifariki wakiwa wadogo, Elisabeth kabla ya kufikisha mwaka mmoja na Magdalena akiwa na miaka 13. Haikuwa nyumba ya watu wenye nafasi. Ilikuwa nyumba kama nyingi za kwetu, yenye kazi, wageni na misiba, na humo ndimo mafundisho yalimofanyika.

Luther hakuisifu nyumba kupita kiasi

Hapa ni lazima tuwe waaminifu. Ziko familia leo zinazosema kwamba shule zote zimeharibika, basi bora mtoto afunzwe nyumbani tu. Hao wasimtumie Luther kama shahidi wao. Mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani akiwataka wafungue shule, na sababu alizozitoa zilihusu nyumba. Alisema wako wazazi wasiojali, wako wanaojali lakini hawana ujuzi, na wako wenye ujuzi lakini hawana muda. Kwa hiyo mji mzima unapaswa kubeba mzigo huo, kwa wavulana na kwa wasichana pia.

Lakini angalia kipimo alichokiweka. Alitaka mvulana akae shuleni saa moja au mbili kwa siku, na msichana saa moja, kisha muda uliobaki wawe nyumbani wakijifunza kazi. Kwake shule iliisaidia nyumba. Hakufikiri kwamba siku moja mambo yatageuka, nyumba iwe mahali pa kulala tu na kufanya mazoezi ya shuleni.

Shule ya mapajani

Karne moja baadaye alitokea mwalimu aliyeeleza kwa undani zaidi mtoto mdogo ajifunze nini nyumbani. Huyo ni Jan Amos Comenius, askofu wa Umoja wa Ndugu, ambao ndugu zetu wa Kanisa la Moravian wanautambua kama chimbuko lao. Hakuandika akiwa katika raha. Mwaka 1622 tauni ilimchukulia mke wake na watoto wawili. Mwaka 1628 alifukuzwa nchini mwake kwa ajili ya imani, na mwaka 1633, akiwa mkimbizi huko Leszno, Poland, alichapisha kitabu kidogo juu ya malezi ya mtoto tangu kuzaliwa mpaka miaka 6.

Aliiita hatua hiyo shule ya mapajani mwa mama. Alitaka iwepo katika kila nyumba, kama vile alivyotaka kila kijiji kiwe na shule yake. Na masomo yake ni yapi? Comenius aliyapa majina makubwa ya chuo kikuu, kisha akaonyesha kwamba mzizi wa kila moja uko jikoni na uani. Elimu ya viumbe ni mtoto kujua maji, moto, mvua, jiwe, mti, ndege na viungo vya mwili wake. Elimu ya nyota ni kujua jua na mwezi. Jiografia ni kujua mlima, mto, shamba na kijiji alimozaliwa. Elimu ya nyakati ni kujua jana, leo, juma na mwaka. Hesabu ni kujua kingi na kichache na kuanza kuhesabu. Ufundi ni kukata, kufunga, kufungua na kupanga vitu. Pamoja na hayo yote mtoto ajifunze kusali, kusema kweli, kuwaheshimu wakubwa, kuvumilia na kuwagawia wengine.

Uzuri wa orodha hiyo ni kwamba haihitaji fedha, wala haihitaji mzazi aliyesoma. Bibi asiyejua hata herufi moja anaweza kuifundisha yote. Anapochambua mchele na mjukuu yuko pembeni akitoa mawe, hapo pana hesabu, pana uvumilivu. Anapomtuma alete vijiko vitano kwa watu watano, hapo pana somo. Anapomwonyesha mbegu ya mahindi ikichipua na kumwambia ni nani anayeiotesha, hapo pana ibada. Katika sharika zetu wapo mabibi wengi wanaolea wajukuu ambao wazazi wao wamefariki au wameenda mjini kutafuta maisha. Mara nyingi wanasema hawana cha kumfundisha mtoto wa siku hizi. Comenius angewapinga.

Nchi iliyosoma kabla ya kuwa na shule

Twende sasa kaskazini, Sweden na Finland, ambazo wakati huo zilikuwa ufalme mmoja. Mwaka 1543 Mikael Agricola, aliyesoma Wittenberg miguuni pa Luther na Melanchthon, alikuwa amechapisha kitabu cha kwanza cha Kifini. Kilikuwa kitabu cha alfabeti, na ndani yake mlikuwa na Amri Kumi, Imani na Sala ya Bwana. Herufi na imani zilifundishwa pamoja, kwa mtoto yuleyule.

Mwaka 1686 mfalme Karl XI alitoa sheria ya kanisa iliyotaka watoto, vibarua na wajakazi wote wajifunze kusoma, ili waone kwa macho yao wenyewe Mungu anaamuru nini katika Neno lake. Shule za vijijini zilikuwa chache mno. Kazi ikawekwa mabegani mwa wazazi. Wakati wa baridi, usiku ukiwa mrefu, mama alikaa karibu na moto akisokota sufu, na mtoto kando yake akifuata herufi kwa kijiti. Huko Finland vitabu vya alfabeti vilichorwa jogoo, na wazazi walimwambia mtoto kwamba akisoma kwa bidii jogoo atamtagia kitu. Asubuhi mtoto alifungua kitabu akakuta kipande cha sukari au sarafu kati ya kurasa. Mzazi ndiye aliyekiweka usiku.

Mara moja kwa mwaka mchungaji alifika kijijini kwa ukaguzi ulioitwa kwa Kiswidi husförhör. Watu wa nyumba za jirani walikusanyika katika nyumba moja, wakubwa kwa wadogo, mabwana na vijakazi, kila mmoja akaulizwa. Mchungaji aliandika daftarini nani anajua kusoma, nani anajua Katekisimo na nani anaielewa. Baadaye walikula pamoja. Madaftari hayo yapo mpaka leo, na mwanahistoria Egil Johansson wa Umeå aliyachunguza kwa miaka mingi. Yanaonyesha kwamba wakulima wengi wa Sweden, wanawake kwa wanaume, walijua kusoma muda mrefu kabla ya sheria ya shule za msingi ya mwaka 1842. Wengi wao hawakujua kuandika, kwa sababu sheria haikudai hivyo. Lakini walisoma, na waliofundisha walikuwa hasa mama zao.

Iceland nako, kisiwa cha Walutheri maskini chenye nyumba zilizotawanyika, ilikuwa hivyo. Jioni za baridi watu wa nyumba walikaa pamoja wakifanya kazi za sufu huku mmoja akiwasomea wengine, na wakati wa Kwaresima walipitia tenzi za mateso ya Kristo za mchungaji Hallgrímur Pétursson, zilizochapishwa mwaka 1666. Hata sheria ya shule ya mwaka 1907 iliagiza shule kwa watoto wa miaka 10 hadi 14 tu. Kabla ya umri huo nyumba ndiyo iliyobeba jukumu la kumfundisha mtoto kusoma.

Hata hivyo historia hii ina upande wa uchungu. Asiyejua Katekisimo alizuiwa kushiriki Meza ya Bwana, na asiyeshiriki hakuruhusiwa kufunga ndoa. Mtoto mzito wa kushika aliaibishwa mbele ya kijiji. Mwandishi wa Kifini Aleksis Kivi, katika riwaya yake ya mwaka 1870 juu ya ndugu saba, alieleza vijana wanaofundishwa kusoma kwa aibu na vitisho mpaka wanaruka dirishani na kukimbia. Watu walicheka walipoisoma, lakini wengi waliitambua hali hiyo. Na kumbuka, kanisa hilo ndilo lililokuwa na maneno ya Luther juu ya mchezo wa vifuko. Lilihifadhi Katekisimo likasahau mchezo. Pale ambapo mama alimwekea mtoto sukari kitabuni, Neno lilipendwa. Pale ambapo mkaguzi alishika daftari kama hakimu, Neno lilikaririwa na kuogopwa. Sheria iliweza kumfanya mtu asome, lakini haikuweza kumfanya apende.

Msichana wa kazi aliyekuwa mwalimu

Mfano wa mwisho kutoka Ulaya ni wa mchungaji wa Kilutheri Johann Friedrich Oberlin, aliyefika Waldersbach katika milima ya Alsace mwaka 1767. Alikuta wazazi maskini wanaoshinda shambani, na watoto wadogo wanazurura. Sababu za Luther za mwaka 1524 zilikuwa wazi mbele yake: walikosa ujuzi na muda. Msichana mmoja, Sara Banzet, alikuwa tayari ameanza kuwakusanya watoto nyumbani kwao na kuwafundisha kufuma. Oberlin hakumkataza wala hakujenga jengo kubwa. Aliuchukua mpango wa msichana huyo na kuueneza katika vijiji vingine. Watoto walifuma, waliimba, walisikia habari za Biblia kwa picha, walikusanya mimea na kujifunza majina yake.

Sara alifariki mapema, mwaka 1774. Aliyeiendeleza kazi kwa miaka mingi ni Louise Scheppler, aliyeingia nyumbani kwa Oberlin akiwa msichana wa kazi. Mwaka 1829 Akademia ya Ufaransa ilimpa tuzo kwa ajili ya utumishi wake. Nimesema tutarudi kwa dada wa kazi. Oberlin alimwona Louise akawa mlezi wa mamia ya watoto. Sisi tunaye dada jikoni, na mara nyingi hatujui kama amepata kipaimara.

Nyumba haikutaifishwa

Nasi je? Injili ilipoingia katika nchi zetu, kusoma na kuamini vilikwenda pamoja. Katika Kiganda neno la kusoma lilitumika pia kwa maana ya kusali na kushika dini, na hao wasomaji ndio waliovuka na imani yao mpaka Buhaya. Wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893, kama wenzao wa Berlin walivyofanya kusini, walifungua shule karibu na kila kituo. Shule hizo zilileta baraka kubwa. Lakini pia zilitujengea mazoea kwamba imani inafundishwa na mwalimu, mahali penye ubao. Ile elimu ya jioni kando ya moto, ambayo wazee wetu waliijua vizuri kwa hadithi, vitendawili na methali, tuliiacha nje ya imani, kana kwamba haiwezi kubatizwa.

Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule nyingi za makanisa nchini Tanzania ziliwekwa chini ya serikali. Wakristo wengi waliuliza, sasa watoto watafundishwa imani wapi? Tulianza kuimarisha Shule ya Jumapili na vipindi vya dini, na tulifanya vema. Lakini lilikuwapo jibu lingine. Shule zilitaifishwa, nyumba haikutaifishwa. Hakuna sheria iliyoigusa meza ya chakula, wala kitanda cha mtoto, wala njia ya kwenda kisimani. Hizo nyakati nne za Kumbukumbu la Torati zilibaki mikononi mwetu, na bado zipo.

Kwa hiyo historia inatuachia mambo machache ya kufanya, yote madogo. Jumapili mchana, mwulize mtoto neno moja alilolisikia, na mwulize anaweka katika kifuko gani, cha imani au cha upendo. Usimrekebishe haraka. Mpe kazi halisi inayolingana na umri wake, kama kuchambua maharage, kukunja kanga au kumwagilia mche, na mtaje Muumba katikati ya kazi hiyo. Bandika Amri Kumi ukutani, mahali alipo kalenda. Usiku, hata kama umechelewa, mwekee mkono kichwani umbariki. Dakika tano zinatosha, na kama mtoto yuko bweni, zitatosha hata kwa simu siku ya kuruhusiwa. Mwite dada wa kazi akae pamoja nanyi. Na wewe baba, usiseme hiyo ni kazi ya mama, kwa maana karatasi ile ya mwaka 1529 ilipobandikwa ukutani ilikutaja wewe kwanza.

Mzazi akisema hajui vya kutosha, na amsikie Luther tena. Yeye, daktari wa theolojia na mhubiri, aliandika katika utangulizi wa Katekisimo Kubwa kwamba kila siku bado anaisoma Katekisimo neno kwa neno kama mtoto, na kwamba amekubali kubaki mwanafunzi wake. Mzazi anayekaa chini na mtoto wake kusali Sala ya Bwana hahitaji kuwa amehitimu. Anahitaji kukubali kuwa mwanafunzi pamoja na mtoto, mbele ya Mwalimu yuleyule aliyewaita watoto waje kwake na kuwakemea wanafunzi waliotaka kuwazuia.